Kioo cha Chumba cha Bibi Zainabu

Alhamisi, 15 Juni 1995. Lushoto.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alituambia, kidato cha tatu, kwamba mtu aandike shajara akiwa na furaha, kwa sababu huzuni hujikumbuka yenyewe. Basi mimi nimenunua daftari leo.

Ukungu umefika mpaka kizingitini. Siuoni hata mti wa plamu wa jirani. Ni wiki ya tano tangu niolewe na Twaha, na asubuhi hii tena ameamka kabla yangu, akawasha jiko, akanichemshia maji ya kunawa. Nilipotoka nikamkuta amechuchumaa, anapuliza mkaa, macho yamejaa moshi. Akasema, "Rudi ukalale, Nasra, maji bado." Nani arudi kulala akiwa na mume wa namna hii? Nilikaa nikamtazama akipuliza. Namshukuru Mungu, namshukuru tena.

Niandike na kazi yake, ili nikizeeka nisome. Ni fundi redio, kibanda chake kipo juu ya soko. Ana pia kamera ya video, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyemaliza mkataba akaondoka. Siku hizi biashara imefunguliwa na vitu vimejaa, saa, kaseti, televisheni, hata huku milimani watu wanataka harusi yao waione kwenye kioo. Twaha anapiga harusi. Lakini kwa Waislamu wenzetu mwanamume hapiti upande wa akina mama, kwa hiyo kanda zake zote zina nusu harusi: wanaume wanakula pilau, sheikh anasoma, bwana harusi anajifuta jasho. Bibi harusi anaonekana akitoka mlangoni tu.

Ndiyo maana siku ya tatu ya fungate alinikabidhi kamera begani akasema, "Kule ndani utaingia wewe." Wengine fungate lao ni kulala. Letu lilikuwa kujifunza kamera. Nilipiga picha ya sufuria, ya paka, ya miguu yake. Sijawahi kucheka hivyo maishani.

Jumapili, 18 Juni

Ukungu. Nguo hazikauki. Twaha amenipa koti lake.

Jumamosi, 24 Juni

Kazi yangu ya kwanza imepatikana, na ni kubwa kuliko mimi.

Tulikwenda Malindi, hii ya kwetu milimani, kwa Bi Mwanahawa, ambaye binti yake Mwajuma anaolewa tarehe 19 Agosti, baada ya Maulidi. Twaha alibaki uani na wazee, mimi nikapelekwa ndani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba. Wewe ndiye mke wa fundi? Mbona mdogo hivi? Kamera si itakuangusha?" Akacheka, na mimi nikacheka, tukawa tumezoeana.

Kisha akanieleza, na hapo hakucheka. Katika ukoo wao kila binti anayeolewa hufungwa kanga na Bibi Zainabu, mama yake Bi Mwanahawa. Ni fundo moja tu, juu ya kifua, kwa mikono ya Bibi mwenyewe, na wote aliowahi kuwafunga husimama wamemzunguka. Wapo saba walio hai. Mwajuma atakuwa wa nane, na ndiye mjukuu wa mwisho wa kike. Bibi alivunjika nyonga mwaka jana, hatoki kitandani. Kwa hiyo watu wote tisa watakuwa chumbani kwake.

"Harusi zote hizo," Bi Mwanahawa akasema, "mpiga picha anakaa nje na wanaume. Mama yangu hana hata picha moja. Hata ya kitambulisho. Mimi nataka nimwone na wanawe wote, pamoja, kwenye picha moja. Sitaki nusu nusu."

Nikaingia chumbani. Bibi Zainabu ni mdogo kama mtoto wa darasa la tano, ana macho yanayocheka. Kitanda kimejaza chumba. Kutoka kitandani mpaka ukutani ni hatua mbili, na hizo hatua ni zangu, za mguu mfupi. Nikajibana ukutani mpaka chokaa ikanishika mgongoni, nikachungulia kwenye kamera. Nikaona kiwiko cha Bibi na kidevu cha Mwajuma. Nikachuchumaa: goti. Nikapanda kwenye kigoda: kilemba na paa.

Bi Mwanahawa akachungulia naye. Akanitazama.

"Mwanangu, mimi sitaki video ya kiwiko."

"Nitapata njia, mama."

"Usiniahidi halafu ukanitia aibu mbele ya dada zangu."

"Nimeahidi," nikasema. Sijui mdomo wangu uliuchukua wapi ujasiri huo.

Njiani nilimweleza Twaha huku nalia kidogo. Akasema kipo kioo kingine, cha kufungwa kwa skrubu mbele ya kioo cha kamera, kinapanua picha, chumba kidogo kinaonekana chote. Hajawahi kukishika, amekiona kwenye kitabu. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yangu. "Kama kipo duniani," akasema, "kitafika Malindi." Mume wangu jamani!

Jumatatu, 26 Juni

Pale stendi kuna kijana muuzaji mwenye meza ya vitu vya Dubai. Leo tulikwenda, na kweli akatoa kioo kwenye mfuko wa nailoni.

"Hiki ndicho, dada. Kinaingia kamera zote."

"Zote?" nikauliza.

"Zote. Ndogo, kubwa, ya mzungu, ya Mchina."

"Kama kinaingia zote, mbona kina skrubu?"

Akanitazama mimi, kisha akamtazama Twaha. "Bwana, mkeo alisoma wapi?"

"Sekondari," Twaha akasema kwa majivuno makubwa, mpaka wauza machungwa wakageuka.

Tulikijaribu palepale. Hakikuingia hata mzunguko mmoja. Yule kijana hakushtuka. "Hiyo si shida. Unapaka gundi." Tukaondoka tunacheka. Lakini nilimwona Twaha akigeuka mara mbili kukitazama.

Alhamisi, 29 Juni

Fundi mwenzake amempa jina: Mzee Tobia wa Tanga, mwenye studio ya picha na duka la vifaa vya kamera. Twaha akampigia simu kutoka posta. Alirudi amenuna na amefurahi kwa pamoja, sijui niseme vipi.

"Amekataa kuniuzia."

"Hana?"

"Anavyo, na vingine vinakuja kutoka Dar. Anauliza mdomo wa kamera yangu upana gani. Nikamwambia wa kawaida. Akasema, 'Kijana, hakuna mdomo wa kawaida. Sikuuzii kitu ambacho sijui kama kitakufaa.' Akakata simu."

Kwenye mdomo wa kamera paliandikwa namba zamani, lakini imefutika. Tukapima kwa rula ya shule, ile yangu iliyopasuka. Twaha akapata milimita hamsini na moja, mimi hamsini na tatu. Tukabishana, tukabadilishana, mimi nikapata hamsini na moja na yeye hamsini na tatu.

Hapo nikapata wazo! Mafundi wa funguo huchukua sura ya ufunguo kwenye sabuni. Nikakimbia dukani nikanunua mche mpya, bado laini, unanata vidoleni. Nikabonyeza mdomo wa kamera. Mara ya kwanza mkono uliteleza, alama ikawa ya upande. Nikakata kipande kingine, mara ya pili ikatoka duara safi kama mwezi. Twaha akanibeba akanizungusha jikoni. Kile cha pili tumekifunga kwa gazeti, tumempa kondakta wa basi la Tanga. Kile kilichoharibika nimekiweka juu ya meko, nitakifulia.

Jumapili, 2 Julai

Manyunyu. Nimejifunza kupika bada, ugali wa muhogo, kama anavyopenda. Amekula mara mbili.

Jumapili, 9 Julai

Hakuna habari kutoka Tanga.

Jumamosi, 15 Julai

Twaha amepiga simu. Sabuni imefika salama, ipo dirishani kwa Mzee Tobia, inangoja mzigo wa Dar ambao utachukua wiki mbili. Mzee amesema, "Nikifungua mzigo, napima kwa sabuni yenu, natuma siku ileile." Twaha amesema sauti yake ni ya mtu anayesali. Nikamuuliza sauti hiyo ikoje. Akasema, "Haina haraka."

Bi Mwanahawa ametuma salamu na kapu la njegere. Na swali: kioo kimefika?

Jumatano, 26 Julai

Swali lilelile kutoka Malindi. Safari hii bila njegere.

Jumanne, 1 Agosti

Kimefika. Hakiingii.

Sitaki kuandika lakini nimejiahidi kuandika kila kitu. Boksi lilikuja na basi la saa tisa. Ndani mlikuwa na kioo kizuri, kizito, kinang'aa kama jicho la ng'ombe, kimefungwa kwa kitambaa. Twaha alinawa mikono kama anayekwenda kula. Akakiweka mdomoni mwa kamera akazungusha. Kikateleza. Akazungusha tena. Pete ya kioo ni ndogo kuliko mdomo wa kamera, kwa milimita mbili hivi, pengine tatu. Tofauti ya unene wa sarafu.

"Amenitumia cha mtu mwingine," akasema. Kisha, "Ametutumia kilichomdodea." Kisha akasema neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Chakula hakukigusa.

Jumatano, 2 Agosti

Leo Twaha alikaa barazani kwa muuza kahawa akasema mbele ya watu kwamba Mzee Tobia wa Tanga ni mwizi. Nimeambiwa na jirani. Nyumbani hasemi. Maji ya kunawa alichemsha, lakini aliyaacha mlangoni akaondoka.

Nilidhani namjua. Kumbe nilimjua akiwa na furaha tu.

Ijumaa, 4 Agosti

Leo yametokea mengi, na yameishia kwenye kheri. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Mchana baada ya sala Twaha alipita stendi akaja na kile kioo cha yule kijana, na kichupa cha gundi. "Zimebaki wiki mbili," akasema. "Nitakigandisha."

"Kikishaganda kitatoka?"

"Hakitatoka."

"Na kamera ikitaka kupiga picha za kawaida?"

"Nasra, umeahidi wewe au nimeahidi mimi?"

Hajawahi kuniambia hivyo. Nikaenda jikoni kufua. Sikutaka aone uso wangu. Nikanyoosha mkono juu ya meko nikachukua kile kipande cha sabuni kilichoharibika. Kilikuwa kigumu kama jiwe, na chepesi. Wakati nakigeuza mkononi, nikaona lile duara la mdomo wa kamera, na moyo ukaniambia: mbona dogo?

Nikachukua kioo cha Mzee Tobia kwenye boksi. Nikakiweka juu ya alama. Kikakaa kama kifuniko na chungu chake. Nikachukua kamera, nikaweka mdomo wake juu ya alama ileile, uleule niliobonyeza mimi kwa mikono yangu. Ukapita nje pande zote.

Ndipo nikaelewa. Sabuni ilikuwa mbichi. Ilikaa juu ya moto wiki tano ikakauka, ikasinyaa, na alama ikasinyaa nayo. Na ile ya Tanga ilikaa dirishani, kwenye joto la Tanga! Mzee Tobia alipima sawasawa kabisa. Alipima sabuni yangu.

Chini ya boksi, chini ya kitambaa, nikaona karatasi ambayo hatukuisoma. Mwandiko wa kalamu ya wino: "Kisipoingia msikilazimishe. Kirudisheni, tutatafuta sababu pamoja. Tobia."

Nikakimbia. Kandambili moja ilibaki uani. Twaha alikuwa ameinama mezani, kichupa kimefunguliwa, tone la gundi limening'inia kwenye ncha.

"Twaha, acha!"

"Usinishtue, itamwagika."

"Mwizi ni mimi!"

Akageuka. "Nini?"

"Si mwizi. Mkosaji. Ni mimi na sabuni yangu." Nikamwonyesha: kioo juu ya sabuni, kamera juu ya sabuni. Nikarudia. Akachukua akajaribu mwenyewe, mara tatu. Kisha nikampa ile karatasi.

Aliisoma akakaa kwenye kigoda. Nikangoja anifokee. Ningestahili, maana wazo lilikuwa langu na nilijisifu nalo wiki nzima. Yeye akafunika kichupa cha gundi, akakaza kifuniko sana.

"Mimi nilikubeba nikakuzungusha," akasema. "Sabuni ni yetu sote. Lakini barazani nilikwenda peke yangu."

Akainamisha kichwa kwenye bega langu, na nilijua analia, kwa sababu bega lilipata joto. Ee Mungu, asante kwa mwanamume anayejua kosa lake ni lipi na langu ni lipi, na hayachanganyi.

Kile kioo cha stendi amekirudisha kabla ya magharibi.

Jumamosi, 5 Agosti. Tanga.

Tumeshuka pamoja, na kamera tumeipakata kama mtoto mchanga. Hapa watu wanatembea na mashati mepesi, nami nimekuja na sweta!

Duka la Mzee Tobia ni jembamba, lina kaunta moja, na nyuma yake pazia la studio lililochorwa maporomoko ya maji. Yeye ni mrefu, mwenye mvi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee," tukasema wote wawili.

"Marahaba, marahaba. Karibuni. Ninyi ndio wa sabuni?"

Twaha akasimama wima kama anasomewa hukumu. "Mzee, kioo hakikuingia. Kosa ni letu, sabuni ilisinyaa. Na mimi nilisema wewe ni mwizi. Mbele ya watu."

Mzee Tobia akavua miwani akaifuta. "Watu wangapi?"

"Watano, mzee. Na muuza kahawa."

"Sita, basi. Utawaambia hao sita. Mimi sikudai kitu, wao ndio wanadai ukweli." Akavaa miwani. "Na mimi nina kosa. Miaka thelathini napima vioo, sikufikiri kwamba sabuni inakauka. Nilipofungua mzigo nikaona alama imekaa vizuri, nikafurahi. Leteni hiyo kamera."

Akatoa koleo la kupimia, la shaba, akalibana mdomoni mwa kamera. "Hamsini na mbili." Sikuamini. Katikati ya namba zangu na za Twaha! Akafungua droo yenye pete za chuma, akachagua moja, akaivua ile ndogo kwenye kioo na kufunga hii. Kisha akaniambia mimi, si Twaha, "Zungusha wewe, binti. Wewe ndiye utakayepiga."

Nikazungusha. Kikaingia. Kilizunguka laini kabisa mpaka mwisho, kikatulia. Nilipiga kelele kama mtoto, na mteja aliyeingia akatoka.

Lakini mzee hakuturuhusu kuondoka. Akabandika gazeti ukutani akaniambia nichungulie. "Usitazame katikati. Katikati kila kioo ni kizuri. Tazama pembeni, kona zote nne. Herufi zinasomeka? Kona ni nyeusi?" Nikatazama kona moja moja. Zilisomeka zote. "Basi hiki ni kioo. Anayekuuzia akikukataza kutazama kona, mwachie meza yake."

Akaniuliza harusi itakuwa wapi. Nikamwambia Malindi, Agosti, chumba cha mgonjwa. "Baridi nje, watu wengi ndani," akasema. "Kioo cha baridi kikiingia kwenye chumba cha joto kinapata jasho, huoni kitu. Kipashe moto kwanza. Kwa mwili, si kwa jiko. Nilipoteza harusi ya watu hivyo, kule Soni, sikuisahau."

Nikamuuliza kama ile sabuni bado anayo ili niichukue. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Nimeshaifulia shati! Hili hapa."

Pete mpya hakutaka kusikia habari ya bei yake.

Jumapili, 6 Agosti

Twaha amekwenda barazani. Amerudi amesema, "Sita. Na wawili zaidi waliokuwa wanapita."

Nampenda kuliko siku ya harusi.

Jumamosi, 12 Agosti

Maulidi yamepita salama. Ukungu mzito. Nimefanya mazoezi chooni, ndicho chumba chetu kidogo kuliko vyote. Kona zote nne zimeonekana.

Jumapili, 20 Agosti

Jana sikuandika. Nilirudi nimechoka nikalala na viatu. Sasa naandika yote.

Tulifika Malindi alfajiri, ukungu unadondoka kwenye majani kama mvua. Kioo nilikuwa nimekifunga tumboni, chini ya kanga mbili, tangu nyumbani. Akina mama wakaniona nimeshika tumbo.

"Heee, mke wa fundi! Miezi mitatu tu?"

"Mwenzetu ana haraka!"

"Ni kioo!" nikasema.

"Kioo! Siku hizi kinaitwa kioo!" Chumba kizima kikaangua kicheko, na Bibi Zainabu kitandani akacheka kuliko wote.

Tatizo lilikuwa mwanga. Malindi hakuna umeme, na dirisha la chumba cha Bibi ni dogo kama kitabu, ukungu umeliziba. Twaha alikuja na taa ya betri ya gari. Lakini angeishikaje bila kuona ndani? Akapata njia. Alisimama nje, mgongo kwa dirisha, uso kwenye migomba, akapitisha mkono wake mmoja nyuma na juu, ndani ya dirisha, ameshika taa.

"Akigeuka namwagia maji ya moto," Bi Mwanahawa akatangaza.

"Sigeuki, mama!" sauti ikajibu kutoka kwenye ukungu.

Wakaingia. Mabinti wanne wa Bibi na wajukuu watatu, wengine wana mvi, kila mmoja amejifunga kanga. Mwajuma akasimama kando ya kitanda, hajafungwa, ameshika kanga yake mikononi. Nikajibana ukutani pale penye chokaa. Nikatoa kioo tumboni, kina joto la mwili wangu, nikazungusha. Nikachungulia.

Nikawaona wote. Tisa. Bibi katikati, mto wake, fimbo yake iliyoegeshwa, nyayo za Mwajuma, mpaka kikombe cha dawa kwenye kona. Kioo hakikupata hata tone la jasho. Nikamwombea Mzee Tobia kimoyomoyo, yeye na kanisa lake.

Bibi akainuliwa na mito. Akachukua ncha mbili za kanga. Vidole vyake vimepinda, fundo likaponyoka. Akarudia, likaponyoka tena. Dada mmoja wa Bi Mwanahawa akanyoosha mkono kumsaidia, na Bi Mwanahawa akamzuia kwa kumgusa tu. Tukangoja. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka nje kwenye migomba. Kamera ilikuwa nzito, lakini nilifikiria mkono wa Twaha ulioko juu, nikaona aibu kuchoka. Mara ya nne Bibi akakaza, akapigapiga fundo kwa kiganja, mara mbili, kama anayebisha hodi.

"Haya," akasema. "Nenda nalo."

Vigelegele! Nilidhani paa litaondoka. Mwajuma alikuwa analia, na Bi Mwanahawa alikuwa analia, nami nilikuwa naona kwenye kitundu cha kamera maji matupu, nikaendelea tu.

Kisha Bibi akanyoosha kidole. "Na huyu mwenye kidude? Huyu nilimfunga lini?"

"Hukumfunga, mama, ni mke wa fundi. Mgeni."

"Mgeni wa wapi? Ameolewa lini?"

"Mei, Bibi," nikasema.

"Njoo."

Nikamtazama Bi Mwanahawa. Akaniambia, "Unaitwa, nenda." Na kamera? Nikaiweka juu ya sanduku pale ukutani, kanda ikiendelea kuzunguka. Bila kioo cha Mzee Tobia ingeona ukingo wa godoro tu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, na Bibi Zainabu akanifungua kanga yangu iliyojaa chokaa akanifunga upya, kwa fundo lake. Safari hii halikuponyoka.

"Hongea, Bibi," nikamwambia kwa Kishambaa, asante.

Nilipotoka nje, Twaha alikuwa bado ameegemea ukuta, nywele zimelowa, mkono hawezi kuushusha. Nilimkanda mpaka ukashuka.

Jumapili, 27 Agosti

Leo tumepeleka kanda Malindi. Televisheni ya kukodi ikaingia chumbani kwa Bibi, na akina mama tukajaa kitandani na sakafuni. Twaha alibaki nje na jenereta. Upande huu wa harusi haruhusiwi kuuona, wala hataomba. Hata nakala nilizifanya mimi, yeye akiwa kibandani.

Bibi Zainabu alijitazama. Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole, kila mmoja kwa jina, saba, na Mwajuma, na mwisho akafika kwenye mto. "Na mimi nipo."

"Upo, mama," Bi Mwanahawa akasema. Akanishika mkono, akaubana. Ndiyo malipo niliyotaka.

Ilipofika mahali pangu nilijiona nimepiga magoti, na nilikumbuka maneno ya Mzee Tobia nikaacha kutazama katikati. Nikatazama kona. Juu kabisa, kulia, dirishani, ulikuwapo mkono. Mkono wa shati la kijani hadi kiwiko, umeshika taa, unatetemeka, haushuki.

"Mkono wa nani huo?" Bibi akauliza.

"Wa mume wangu."

"Mbona huo hatukuufunga?"

Walicheka mpaka jenereta haikusikika. Njiani Twaha akaniuliza, kwa aibu, kama na yeye ametokea hata kidogo. Nikamwambia mkono tu, kwenye kona, na ndio uliofanya sote tuonekane. Alinishika kwa mkono uleule mpaka nyumbani.

Kanda Mzee Tobia hawezi kuiona, ni ya akina mama. Kwa hiyo nimemwandikia barua, kurasa tatu, nimemweleza kona zote nne, moja baada ya nyingine. Na ndani ya boksi lilelile la kioo, pamoja na barua, nimeweka mche mzima wa sabuni, mpya, bila alama yoyote.